Mahabusu siyo mfungwa, jamani

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu bumu kuchelewa (tena!), lakini hilo kila mtu analilalamikia na sijaona senti iliyowahi kuharakishwa na malalamiko. Badala yake nataka tubishane kuhusu neno moja tu. Mahabusu.

Ubishi wenyewe ulianzia kantini juzi, sahani za wali maharage zikiwa mezani. Jamaa mmoja wa uhandisi (simtaji, anajijua) akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mahabusu, mfungwa, si wote wako jela tu? Tofauti iko wapi?" Meza nzima ikaitikia. Hata dada mmoja wa sheria, mwaka wa tatu huyo, alitabasamu akaendelea na maharage yake. Nikaona hapana, hili siliachi lipite. Mimi nasoma lugha, na watu wa lugha hapa chuoni tunachekwa kwamba tunasomea kitu ambacho kila mtu alikijua tangu kwa mama yake. Sasa ngojeni niwaonyeshe kwamba hamkijui kihivyo, teh teh.

Tuanze na mfungwa. Hilo ni letu kabisa, halina pasipoti: funga, fungwa, mfungwa. Mlango unafungwa, mzigo unafungwa kamba, mbuzi anafungwa, timu inafungwa mabao (wale mliofungwa Jumamosi mnajijua, nisiendelee). Kwa asili ni mtu yeyote aliyefungwa, kwa kamba, kwa mnyororo, kwa kufuli. Wakati wa Wajerumani watu walifungwa minyororo ya shingoni hasa, wakatembezwa kwa mstari kwenda kufanya kazi za boma, ndiyo maana ukizungumza na wazee wa zamani utasikia "alitiwa mnyororoni" badala ya "alifungwa jela". Siku hizi sheria imelibana neno hilo likawa na maana moja nyembamba. Mfungwa ni mtu ambaye mahakama imemsikiliza, imemwona ana hatia, ikampa kifungo. Miezi 6, miaka 3, miaka 30, maisha. Kuna karatasi, kuna saini, kuna tarehe.

Mahabusu lilikuja na upepo wa kaskazi. Ni Kiarabu, mzizi wa h-b-s, na maana yake ni kuzuia, kushikilia, kutokiachia kitu kiende zake. Hakuna kosa ndani ya mzizi huo hata kidogo. Kule Afrika Kaskazini, Morocco kwa mfano, mali ya wakfu nayo huitwa kwa mzizi huohuo, kwa sababu imezuiwa isiuzwe wala isirithiwe. Sasa shamba la mitende lina kosa gani? Limezuiliwa tu.

Utamu uko kwenye umbo lake. Liweke mahabusu pembeni ya majeruhi na marehemu. Yote matatu yametoka kiwanda kimoja, kile kinachotengeneza jina la mtu aliyetendewa jambo. Majeruhi ni aliyejeruhiwa. Marehemu ni aliyerehemiwa. Mahabusu ni aliyezuiliwa. Ndiyo maana hayabadiliki kwenye wingi: majeruhi mmoja, majeruhi kumi, mahabusu mmoja, mahabusu kumi. Na hakuna hata moja linalokuambia mtu huyo kafanya nini. Ukisikia redioni "majeruhi watano wamelazwa" huulizi walikosea wapi. Unasema poleni. Ukisikia "mahabusu watano" unasema nini? Sema ukweli wako. Unasema "wameiba nini hao?"

Kiswahili kinajua sana kumtaja mtenda. Mwizi, mwuaji, mhalifu, mbakaji, yote hayo yanakuambia mtu kafanya kitu. Halafu kina foleni nyingine ya maneno: mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu. Ametuhumiwa na mtu. Ameshtakiwa na mtu. Amezuiliwa na mtu. Mwenye kutenda katika maneno hayo yote yuko upande wa pili wa meza, kavaa vizuri, anaandika. Lugha imetunza heshima ya mtu huyo vizuri kuliko tunavyoitunza sisi wenye lugha.

Kuna jambo jingine linanishangaza zaidi. Kwa Kiarabu, mtu aliyezuiliwa na mahali anapozuiliwa vina maumbo mawili tofauti, mahbus na mahbas. Sisi tumevimeza vyote vikatoka kimoja. "Mahabusu amefikishwa mahakamani", hapo ni mtu. "Amewekwa mahabusu", hapo ni chumba. Mtu na chumba jina moja! Hatujafanya hivyo kwa mgonjwa na wodi, wala kwa mwanafunzi na darasa. Ninavyoona mimi, hiyo siyo ajali ya sarufi tu. Ukiingia pale unaacha mkanda, kamba za viatu, simu, na mtu wa kaunta hakuiti jina tena. Unahesabiwa pamoja na kuta.

Ngoja niwapitishe kwa majirani wa neno hili haraka haraka.

Gereza. Hili wengi wanalirudisha kwenye Kireno, igreja, yaani kanisa. Ndiyo, kanisa! Wareno walijenga ngome zao pwani na ndani yake wakaweka kanisa, na watu wa nje waliokuwa wakitazama ukuta wakachukua jina moja kwa ajili ya yote. Ukienda Kilwa Kisiwani leo utaonyeshwa jengo linaitwa Gereza, ni ngome ile, Wareno walianza mwaka 1505 na kinachoonekana sasa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kwa hiyo neno lilianzia kwenye sala, likapita kwenye mizinga, likaishia kwenye kufuli. Safari hiyo mtu akiitungia riwaya nitainunua.

Rumande ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na chimbuko lake ni kurudisha. Hakimu anakurudisha ulikotoka mpaka tarehe nyingine. Korokoroni linatokana na korokoro, askari mlinzi wa zamani. Selo, lupango, hayo mnayajua, wengine mnayajua kuliko mnavyokiri. "Kunyea debe" sina haja ya kulieleza, limejieleza lenyewe.

Lakini neno tunalolitumia kuliko yote wala halifanani na neno la kifungo. Ni NDANI. "Jamaa yuko ndani." "Walimweka ndani wiki mbili." Ndani ya nini? Hakuna anayeuliza. Mama akisema mtoto yuko ndani, amelala. Jirani akisema mwanao yuko ndani, mama huyohuyo anakaa chini. Na hili ndilo neno lililofuta kabisa mpaka ninaoupigania, maana "ndani" halijali kama umehukumiwa au la. Wote mko ndani.

Tena kuna ndani ya kiserikali. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 48 aachiwe. Ukiisoma sheria yenyewe, uwezo huo ni wa pale ambapo mtu ametenda kosa au anahatarisha amani, na sababu inatakiwa iandikwe. Sasa kumbukeni wenyewe ni mara ngapi mmesikia mtumishi kawekwa ndani kwa sababu kachelewa kikao, au kajibu vibaya mbele ya wananchi. Saa 48 zikiisha anatoka, hakuna kesi, maisha yanaendelea. Hapo mahabusu imeshakuwa adhabu yenyewe. Bakora ya kisasa. Na sisi tuliokuwa tunaangalia video kwenye simu tulipiga makofi, kwa sababu yule mtumishi kweli alikuwa mzembe. Mimi sibishi kwamba alikuwa mzembe. Nasema kuna onyo, kuna kukatwa mshahara, kuna kufukuzwa, mambo yote hayo yana taratibu zake. Kuzuiliwa siyo mojawapo.

Sasa turudi hapahapa chuoni, maana najua kuna anayesoma anasema "huyu naye na mizizi yake ya Kiarabu".

Muhula huu mshikaji wetu mmoja, mwaka wa pili, alibebwa kwenye msako usiku wa saa nne karibu na hosteli. Alikuwa amesimama anasubiri chipsi. Gari likaja, walikuwepo watu kama kumi na wawili pale, wenye mbio walikimbia, yeye alikuwa ameshalipa akasubiri chenji (hili bado tunamcheka nalo, na yeye anacheka). Kakaa kituo kimoja hapa mjini siku tano. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, ukiondoa makosa mazito. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne. Mshikaji alihojiwa dakika kumi siku ya tatu, akaulizwa kabila, chuo, na kama anamjua mtu fulani. Hamjui. Siku ya tano akaambiwa haya nenda. Hakuna shtaka, hakuna samahani, na viatu alivyorudishiwa siyo vyake.

Sasa sikilizeni. Katika siku hizo tano kulikuwa na testi ya alama 20. Akaenda idarani kueleza. Akaombwa uthibitisho. Haya, uthibitisho gani? Ukiugua, hospitali inakupa karatasi. Ukifiwa, mtendaji wa mtaa anakuandikia barua. Ukizuiliwa siku tano halafu ukaachiwa, hupewi chochote, maana kukuandikia karatasi ni kukiri kwamba ulikuwepo pale siku tano. Karani akamuuliza, na naamini kwa nia njema kabisa: "Sasa huna hata hati ya kifungo?" Jamani! Hati ya kifungo! Yaani angekuwa amehukumiwa kweli, angekuwa na karatasi na idara ingemwelewa vizuri zaidi.

Na kwenye gurupu la WhatsApp la darasa siku aliyorudi, ujumbe wa kwanza ulikuwa "MFUNGWA KARUDIII" na vikatuni vya kucheka kama arobaini. Utani, najua. Mimi siyo mtu wa kununa. Lakini wiki iliyofuata tulipogawana makundi ya asaimenti kuna watu wawili walitaka asiwe kwao, na mmoja akasema wazi kwamba hataki kukaa na kompyuta yake karibu na mtu "aliyetoka jela". Mnaona neno linavyofanya kazi? Limeanza kama kichekesho cha Jumatatu, Ijumaa limeshakuwa hukumu. Na hukumu hiyo haina hakimu wala rufaa.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike ana hatia. Ibara hiyo ilikuja na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mtu anayesoma ibara hiyo halafu akatazama kibao cha Gereza la Mahabusu Keko inabidi asimame kidogo. Gereza la mahabusu. Nyumba ya waliohukumiwa, kwa ajili ya wasiohukumiwa. Ndani, tofauti unaiona kwa macho: mfungwa kavaa sare ya rangi ya chungwa, mahabusu kavaa nguo alizokamatwa nazo au alizoletewa na ndugu. Basi, tofauti kubwa imeishia kwenye nguo. Kuna miaka mahabusu wamefikia karibu nusu ya watu wote waliomo magerezani mwetu. Nusu! Kila mtu wa pili humo ndani ni mtu ambaye, kwa mujibu wa Katiba, hajafanya kitu.

Halafu mimi nina msimamo ambao najua wengi hawataupenda: mahabusu ana hali mbaya kuliko mfungwa. Nisikilizeni kwanza. Abdilatif Abdalla, yule mshairi wa Mombasa, alifungwa miaka 3 kule Kenya, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya kijikaratasi chake cha siasa. Yalikuwa mateso, na diwani ya Sauti ya Dhiki ilitoka humohumo. Lakini alikuwa na tarehe. Mfungwa anaweza kuchora mistari ukutani na mistari ikapungua. Mahabusu anachora mistari inayoongezeka tu, hajui anahesabu kuelekea wapi. Kila wiki mbili anapandishwa karandinga, anapelekwa, anasikia "upelelezi haujakamilika", anarudishwa. Hiyo sentensi ya maneno mawili nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote katika Kiswahili.

Mtu atasema natia chumvi. Haya. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Waliachiwa Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta mashtaka. Miaka saba! Aliyeingia kidato cha kwanza siku ile alikuwa ameshamaliza kidato cha sita na kuingia chuo. Siandiki kuwatetea wala kuwalaumu kwa waliyohubiri, watu wana maoni yao na mimi nina yangu. Nasema hakuna mahakama iliyowahi kuwaambia kwamba wana hatia ya ugaidi, na kipindi chote hicho walikuwa mahabusu. Muulize mtu wa mtaani atakuambia "walifungwa". Hawakufungwa. Walizuiliwa. Na ukishasema walifungwa umemsaidia mwendesha mashtaka kazi aliyoshindwa kuifanya kwa miaka saba.

Au chukua Erick Kabendera, mwandishi wa habari. Alikamatwa Julai 2019, katika mashtaka kukawemo utakatishaji fedha, na kosa hilo halina dhamana. Mama yake alifariki tarehe 31 Desemba 2019. Mawakili waliomba aruhusiwe kwenda kuaga, mahakama ikakataa. Alitoka Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Nimefikiria sana hilo la mama. Mtu ambaye hajahukumiwa kwa lolote, kosa lake bado ni karatasi, na hawezi kumwona mama yake akizikwa. Mfungwa aliyehukumiwa anaweza angalau kusema hii ni sehemu ya adhabu yangu. Mahabusu hilo la mama ataliweka kwenye fungu gani?

Kuhusu hiyo dhamana, kifungu ni cha 148(5), wenzetu wa sheria wanakijua kwa moyo. Kina orodha ya makosa ambayo hakimu hana hata nafasi ya kukuangalia usoni akapima kama utatoroka. Ukishashtakiwa nalo, umeshazuiliwa. Yaani anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua ulale wapi. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi ya Dickson Sanga. Tukashangilia. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikageuza, kifungu kikabaki. Hoja ya upande wa serikali ninaielewa: kuna watu hatari kweli, jambazi mwenye bunduki ukimpa dhamana mashahidi watapotea. Sawa. Basi upande wa mashtaka uje ueleze mbele ya hakimu kwa nini huyu, kwa jina lake, ni hatari, na hakimu aamue. Mbona ni kazi ya asubuhi moja tu? Kinachonishinda ni orodha. Orodha haimjui mtu.

Kwa haki ya mjadala niseme na yaliyosogea. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zisipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ingawa makosa makubwa yaliachwa nje, na humo ndimo watu wanamozeekea. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha kile kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowanyima kura waliofungwa zaidi ya miezi sita. Mmoja wa waliofungua kesi hiyo ni Tito Magoti, ambaye mwenyewe alishakaa mahabusu tangu Desemba 2019 hadi Januari 2021, kwa hiyo alikuwa anajua anachokisema. Na katika uandikishaji wa wapiga kura kuelekea uchaguzi wa 2025, vituo viliwekwa magerezani, mahabusu nao wakaandikishwa. Mnaona kitu kichekesho hapo? Sheria haikuwahi kumkataza mahabusu kupiga kura. Hakuna mtu aliyekwenda kumwandikisha tu, miaka yote, kwa sababu kichwani mwa kila mtu alikuwa mfungwa.

Basi ombi langu kwenu ni dogo sana, wala siwaombi mwandamane. Gazeti la wanafunzi likiandika habari ya mtu aliyekamatwa, liandike anashikiliwa. Wenye kuandika kwenye magurupu, hivyohivyo. Serikali ya wanafunzi iombe idara zikubali barua ya mjumbe au ya wakili kwa mwanafunzi aliyezuiliwa, kama zinavyokubali karatasi ya hospitali. Na lile jambo la makundi ya asaimenti, wale wawili mnajijua, mnasoma hapa kila wiki.

Kuna pengo moja nimeligundua nikiandika haya. Aliyemaliza kifungo ana jina, mfungwa wa zamani. Je, aliyetoka mahabusu bila kutiwa hatiani anaitwaje? Nimepekua, nimeuliza darasani, hakuna neno. Mmoja akapendekeza "mahabusu mstaafu", tukacheka mpaka mwalimu akageuka. Nikamuuliza mshikaji mwenyewe tukiwa kwenye foleni ya daladala, nikamwambia lugha inahitaji neno hapa, wewe ungependa uitweje. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Akasema nimwite kama nilivyokuwa namwita, na kama nina muda sana wa maneno nimsaidie kuandika ile barua ya idara.

Tumeiandika jana usiku, kurasa mbili, mjumbe ameweka muhuri. Mpaka sasa idara haijajibu. Testi ya pili ni Alhamisi, tuko wote kwenye msuli, na mwenye pasti pepa za miaka miwili iliyopita atushtue jamani.